Mkunga na Beseni la Maji Moto

Mara ya kwanza Mkunga kuniita kwa kazi, nilimkuta getini kwake ameshika nyundo ya kuvunjia mawe. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia nishike upande wa pili wa geti tuling'oe, kwa sababu alichonunua kilikuwa barabarani juu ya lori dogo, kenta, na hakingepita.

"Umenunua nini, Mama?"

"Beseni."

Nikageuka kutazama. Juu ya kenta palikuwa na kitu cha plastiki ngumu, rangi ya mtindi, kikubwa kuliko kitanda changu. Ndani yake kilikuwa na viti vya kukalia na ubavuni kina matundu madogo madogo, na kilikuwa kimefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Watu walikwisha kuanza kusogea. Dereva, ambaye alikitoa kwenye nyumba ya mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa anahama kurudi kwao, aliwaeleza kwa majivuno kwamba matajiri wa dhahabu kule Geita wanavyo majumbani mwao, na kwamba kinaitwa jakuzi.

"Jakuzi ni la hotelini," Mkunga akasema. "Hili ni beseni la mgonjwa. Shikeni geti."

Tuling'oa geti, tukavunja na kipande cha ukuta. Yeye mwenyewe alipiga nyundo akiwa na kitenge kiunoni na buti za mpira miguuni, zile alizokuwa akivaa wodini, na kila tofali lililoanguka aliliweka pembeni kwa mpango, kwa sababu alijua atalihitaji tena.

Alikuwa na jina lake, la ubatizo na la ukoo, lakini pale mtaani Nyasubi, Kahama, sikumsikia mtu akilitumia. Alistaafu kazi ya ukunga kabla mimi sijahamia mtaa ule, na bado huwezi kwenda dukani bila kupishana na mtu aliyepokewa na mikono yake. Neema wangu ni mmoja wao. Alizaliwa kwenye korido ya nyumba ya Mkunga kwa sababu bajaji ilichelewa, na tangu dakika ile mimi nikawa Baba Neema. Mke wangu husema, "Alinigombeza mpaka mtoto akatoka, halafu akaninywesha uji kwa kijiko kama vile mimi ndiye niliyezaliwa."

Ndivyo alivyokuwa. Sauti yake ilikuwa ya kuamrisha wodi nzima. Alikugombeza kwa kuchelewa, kwa kuvaa viatu vilivyolowa, kwa kumpa mtoto soda. Akina mama waliojifungulia kwake walisema alikuwa akifoka mpaka hasira inawasahaulisha uchungu. Lakini mikono yake haikufanana na sauti yake. Niliwahi kumwona akimtoa mjukuu wa jirani mwiba wa samaki kooni. Mdomo ulikuwa unamsema mama wa mtoto bila kupumzika, na vidole vilikuwa vinaingia taratibu hata mtoto hakulia.

Jambo moja hakulipenda, nalo ni kushukuriwa. Ukimwambia "wabeja", kama wazee wa huku wanavyosema, alikuuliza umekula nini leo, ilimradi mazungumzo yahame.

Mgonjwa wa lile beseni alikuwa mume wake. Sisi tulimwita Mzee. Alichimba dhahabu upande wa Geita karibu maisha yake yote ya utu uzima, katika yale mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara, na hakuwahi kuumia hata kidole. Halafu siku moja, akiwa amebakiza kidogo aache kazi arudi kulima, ukuta wa duara ulimporomokea. Wenzake walimfukua kwa mikono. Hospitali walimwunga nyonga na kumfunga kiuno, na walipomruhusu alirudi Nyasubi akiwa mzima wa kichwa na mikono, lakini miguu ilikuwa migumu kama iliyogandishwa. Aliweza kusimama akishikwa pande zote mbili, kwa maumivu ambayo yalimtoa jasho.

Kabla ya ajali Mzee alikuwa mchekeshaji wa mtaa. Nilihamia pale nikamkuta akisimulia habari za machimboni mpaka watu wanashika matumbo. Baada ya ajali alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akajibu salamu na kunyamaza. Kilichomwogopesha Mkunga ni kule kunyamaza zaidi kuliko miguu. Aliniambia siku moja, nilipopita kuwajulia hali, "Wagonjwa wanaolalamika siwaogopi. Huyu ameacha kulalamika."

Kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini ndiye aliyetaja maji. Alisema kama angepatikana mahali pa kumwingiza mgonjwa katika maji ya uvuguvugu mpaka kifuani, uzito wa mwili ungepungua, misuli ingelegea, na miguu ingeweza kufundishwa upya kidogo kidogo. Alisema kama mtu anayetaja kitu cha nchi nyingine. Mkunga alirudi nyumbani akakata simtanki, lile tangi la maji la plastiki, katikati, akajaza maji ya moto ya masufuria. Kumwingiza Mzee mle ndani ilikuwa vita. Ukingo ulimchubua, maji yalipoa kabla hajakaa sawa, na alipotolewa alisema neno lake la kwanza refu baada ya wiki nyingi. Alisema, "Nesi, niache."

Nesi ndilo jina alilomwita tangu wakiwa vijana. Mkunga hakumwacha. Aliposikia kwamba yule mhandisi anahama na anauza vitu vyake, aliuza ng'ombe wao waliokuwa kwa ndugu zake huko Ushetu, akaenda.

Ningependa kusema kwamba nilijua ninachofanya. Mimi ni fundi bomba. Najua masinki, matangi, vyoo na mabomba ya mvua. Beseni lile lilikuja na pampu ya kusukuma maji kupitia yale matundu, kichujio cha kunasa uchafu, hita ya umeme, na kijitabu cha maelezo kilicholiwa na panya upande mmoja. Tulikaa sakafuni sebuleni, mimi na Mkunga, tukivuta mabomba na kubahatisha, huku Mzee akitutazama kutoka kwenye kiti chake bila kusema kitu.

Tulianza kwa kukosea. Nilimwaga zege la kulilaza beseni uani moja kwa moja juu ya ardhi, na udongo wa upande ule ni wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Tulipojaza maji mara ya kwanza, zege lilitoa mlio kama kuni inayopasuka jikoni, beseni likainama upande mmoja. Sikuwa nimefikiria kwamba maji yale, yakijaa, yanazidi uzito wa gari dogo. Ikabidi tuyatoe yote, tubomoe, tuchimbe mpaka tuutoe ule udongo mweusi, tujaze changarawe ya moramu na kokoto na kuzishindilia, ndipo tusuke nondo na kumwaga zege upya.

Watu walitushauri tutumie marudio, ule mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa, kwa sababu unapatikana bure na kwa wingi. Mkunga alikataa katakata. "Mchanga ule umeoshwa na zebaki," alisema. "Nimepokea watoto wa wanawake wanaoufanyia kazi. Hauingii uani kwangu."

Kosa la pili lilikuwa umeme. Hita ilipowashwa, waya za nyumba zilipata moto, na jioni ya kwanza mstari wetu wote wa nyumba ukazimika wakati watu wanaangalia mpira. Mama Kulwa, jirani wa ukuta mmoja mwenye saluni ya kusuka, alikuja amefura kwa hasira, kwa sababu drai yake ya nywele ilikuwa imeungua mteja akiwa ameketi chini yake.

"Mkunga, unapika nini huko ndani?"

"Nampika mume wangu," Mkunga akajibu.

Kutoka dirishani tukasikia sauti ndogo, kavu, kama mtu anayekohoa. Mzee alikuwa amecheka. Mkunga aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha akamwambia Mama Kulwa kwamba drai ataitengeneza yeye, na akaitengeneza.

Hita tuliiacha. Tulibakiza umeme wa pampu na kichujio tu, fundi umeme akaweka waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini na swichi inayojikata yenyewe hitilafu ikitokea, kwa sababu umeme na maji havichezewi. Kwa ajili ya moto tulijenga tanuri nje ya ukuta wa beseni. Tulichukua pipa la chuma, ndani yake nikazungusha bomba la shaba, chini tukachoma pumba za mpunga. Kahama mashine za mpunga ni nyingi, na pumba zilirundikana nyuma yake kama vilima, mwenye mashine alifurahi mtu akizichukua. Maji ya baridi yaliingia kwa chini, yakazunguka kwenye shaba, yakarudi juu yakiwa moto, yenyewe bila kusukumwa.

Ila yalirudi yakiunguza. Kwa hiyo Mkunga akaweka amri kwamba moto ukiwaka hakuna mtu ndani. Kwanza maji yapashwe, moto utolewe, koki zifungwe, maji yakorogwe kwa kasia la mbao, yapimwe, ndipo mtu aingie. Alikuwa na kipimajoto, akakisoma kwa miwani, kisha akachovya kiwiko chake hata hivyo. Nilimuuliza kwa nini asiamini kipimo. Akasema kipimo hakijawahi kuogesha mtoto.

Siku Mzee alipoingia tulikuwa wanne wa kumbeba. Kulikuwa na ngazi pana niliyoijenga kwa matofali yale yale ya ukuta, yenye vishikio vya bomba. Tulimshusha taratibu, maji yakampanda magotini, tumboni, kifuani. Alifumba macho. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu ajali, ulilegea mpaka nikafikiri amezimia. Mkunga alikuwa amemshika kidevu kutoka nyuma.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Hakikisha."

"Nesi," Mzee akasema, bado amefumba macho, "miguu yangu naisikia."

 Mkunga alimtazama mpaka mwisho wa muda uliopangwa, akaamuru atolewe, akamfunika na blanketi, akamfokea kwamba hakunywa maji ya kutosha asubuhi.

Mtu anaweza kudhani kazi iliishia pale. Kufunga beseni ni kazi ya fundi, lakini kuliweka salama ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo nilipomfahamu Mkunga vizuri. Maji ya moto yaliyotulia ni mahali pazuri zaidi kwa vijidudu kuliko maji ya baridi, na dawa ya klorini huisha haraka zaidi yakiwa moto. Alikuwa na vijikaratasi vya kupimia, unachovya, rangi inabadilika, unalinganisha na picha iliyo kwenye kopo. Alipima kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Kichujio alikitoa na kukiosha kwa mswaki, mkunjo kwa mkunjo. Kifuniko alikishona mwenyewe kwa turubai na magodoro mawili membamba ili joto lisipotee na popo wasidondoshe uchafu. Kila baada ya miezi michache tulimwaga maji yote, lakini kwanza yalikaa wazi siku kadhaa bila dawa mpaka klorini iishe, ndipo yakaenda kwenye bustani yake ya mchicha. Wale waliokuwa wananung'unika kwamba mwanamke mmoja anaoga maji ya mtaa mzima walinyamazishwa na mafungu ya mchicha.

Maana kufikia wakati ule hakuwa Mzee peke yake. Wachimbaji wastaafu wenye migongo iliyopinda walianza kuja kumsalimia Mzee, na kumsalimia kukawa ndani ya maji. Mkunga akawaruhusu. Kisha wanawake wenye magoti yaliyochoka kwa kupiga magoti kwenye majaruba ya mpunga. Mama Kulwa pia, kwa ajili ya miguu yake ya kusimama siku nzima saluni. Masharti yalikuwa ya wodini. Uoge kwanza kwa sabuni. Mafuta ya kujipaka yabaki nyumbani. Mwenye kidonda harudi mpaka kipone. Mjamzito hapana. Aliyekunywa pombe hapana, hata akiwa nani. Mwenye presha apimwe.

Aliwahi kuja mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu mkubwa kwa mwili na kwa jina, akitaka kukaa humo na wenzake Jumapili mchana. Mkunga alimfunga kipimo cha presha mkononi, akatazama, akafungua.

"Huingii."

"Mama, nimetoka Geita kwa ajili hii."

"Basi endesha polepole mpaka hospitali. Usirudi nyumbani kwanza."

Aliondoka amenuna. Alirudi baada ya muda mrefu, peke yake, akamwonyesha Mkunga vidonge vyake vya presha. Hakuomba kuingia. Alikaa ukingoni akaweka miguu tu, wakazungumza juu ya bei ya mchele.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mbishi, hata alipojua kwamba amekosea aliendelea kubisha kwa muda kidogo ili mtu asizoee. Kwaya ya kanisani aliisema kwa kuchelewa, na yeye mwenyewe alifika misani wakati wa mahubiri. Alibania sabuni mpaka kipande kinabaki kama ukucha, halafu akapika chakula cha watu ambao hakuwaalika. Aliwaamuru wote waende hospitali mapema, huku miguu yake ikiwa imevimba kila jioni na akiificha chini ya kitenge kirefu. Nilipomwambia aingie kwenye maji yake mwenyewe alisema, "Nani atakoroga?"

Na kuna lile la Ushirombo.

Dada yake alifariki huko wakati wa kiangazi kikali. Mkunga aliondoka kwa haraka kwenda msibani, akamwachia Mama Kulwa ufunguo. Asubuhi ile alikuwa amepima maji, na kijikaratasi kilikuwa kimekaa bila rangi, maana yake dawa imekwisha. Kopo la klorini lilikuwa tupu. Alijua. Alifikiri atarudi haraka, hakufunga beseni. Msiba ukawa mrefu, watu wakaendelea kuingia.

Aliporudi, Mama Kulwa alikuwa na vipele vyekundu mgongoni na mapajani. Wengine pia, karibu wote waliotumia maji yale. Mtaani maneno yalianza na vipele, kisha yakapanda. Walisema maji yana kitu. Walisema kwa nini bibi kizee achemshe watu uani, na moto wa pumba unaofuka moshi mchana kutwa. Kwetu Shinyanga mwanamke mzee akianza kusemwa, maneno huwa hayasimami kwenye vipele; hufika kwenye uchawi, na uchawi hufika kwenye mapanga. Mke wangu alisikia kisimani jambo ambalo hakutaka kulirudia mbele ya watoto. Usiku ule sikulala vizuri.

Bwana afya wa kata alikuja, akafunga beseni kwa utepe mpaka uchunguzi ufanyike. Nilimshauri Mkunga akae ndani siku chache, maneno yapoe.

"Maneno hayapoi yakiachwa," akasema. "Mkutano wa mtaa ni lini?"

Alikwenda amevaa gauni la Jumapili na buti zake za mpira. Mwenyekiti alipomruhusu, alisimama mbele ya watu wote.

"Mmeugua vipele," alisema, na kwa mara ya kwanza sikuisikia ile sauti ya wodini. "Hakuna mtu aliyewatupia kitu. Dawa ya maji iliisha, nami niliona imeisha, nikaondoka bila kufunga. Kosa ni langu. Kesho mchana fundi atafungua mabomba. Anayetaka kuona kilichowaumiza aje aone kwa macho yake."

 Halafu Mama Kulwa, akiwa bado anajikuna, akasema kutoka nyuma, "Nitakuja. Na drai yangu ulinitengenezea." Watu wakacheka, wengine bila kutaka.

Walikuja wengi. Nilifungua mabomba mbele yao, nikavuta kwa waya utando wa kijani unaoteleza kama kamasi, wenye harufu ya bwawa. Bwana afya akawaeleza kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe, wadudu wanaokaa humo, na kwamba vipele vitakauka vyenyewe. Wazee wawili waliosimama karibu na tanuri, ambao sikupenda walivyokuwa wakiangalia tangu mwanzo, walisogea, wakanusa, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Kumbe ni uchafu." Akasema hivyo kwa sauti, na nadhani neno lile ndilo lililotuokoa.

Walipoondoka tulibaki na beseni tupu linalonuka. Mkunga alikaa kwenye ngazi. Sikuwahi kumwona amekaa mchana bila kazi mkononi. Alitazama mikono yake akasema labda auze lile pipa na mabomba, ameshazeeka, Mzee atafanya mazoezi kitandani.

Ndipo tukasikia kiti cha plastiki kikiburuzwa. Mzee alikuwa anakuja kutoka mlangoni. Alikisukuma kiti mbele yake, akakiegemea, akahamisha mguu, akakisukuma tena. Katika maji tulikuwa tumezoea kumwona akipiga hatua za mazoezi, lakini uani kwenye nchi kavu hakuwahi kuja peke yake. Nilitaka kumkimbilia, Mkunga akanishika suruali.

Mzee alifika ukingoni, akakaa juu ya kile kiti, akahema kwa muda. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo brashi."

"Utachoka," Mkunga akasema.

"Nesi, nimechimba mwamba maisha yangu yote. Nipe brashi."

Alisugua beseni lile kuanzia mchana mpaka jua likawa juu ya mabati ya saluni. Alisugua kila tundu. Katikati ya kazi alianza kusimulia habari ya mchimbaji mmoja aliyepotelewa na suruali ndani ya duara, habari ambayo sote tuliijua kutoka zamani, na Mkunga akamwambia anaisimulia vibaya, haikuwa suruali, ilikuwa kaptula. Wakabishana mpaka kazi ikaisha.

Beseni lilifunguliwa tena baada ya bwana afya kuridhika. Tangu hapo makopo ya dawa yalikuwa mawili daima, na Mkunga akisafiri lilifungwa kwa kufuli, ufunguo akaondoka nao.

Sasa ni miaka kadhaa. Mimi nimehamia Geita mjini kwa ajili ya kazi, nao nilikuwa nawasalimia kwa simu tu. Mwezi uliopita niliitwa Nkome, kwenye mwalo wa ziwa, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kufunga mabomba kwenye nyumba ya mwenye mitumbwi mmoja. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, naye mwenye nyumba alitaka kumjengea bwawa dogo la maji moto la tofali na vigae. Nikauliza nani amempa wazo hilo. Akanionyesha kwa kidole.

Mkunga alikuwa amesimama juu ya msingi, buti zimejaa matope, anamfokea mwashi kuhusu ngazi. Amepungua mwili, kichwa kimekuwa cheupe chote. Niliposema shikamoo aliitikia, akanitazama kuanzia viatu, akauliza Neema anasoma darasa gani, kisha akasema ngazi ile ni nyembamba, mgonjwa hawezi kugeukia pale.

Tulifanya kazi mpaka saa za mchana. Alipochoka tulishuka pamoja kuelekea ziwani, tukapita katikati ya dagaa walioanikwa juu ya nyavu. Hakusogelea maji. Maji ambayo huoni chini yake alikuwa anayaogopa, alisema hivyo waziwazi, bila aibu.

"Na Mzee hajambo?" nikauliza.

"Si yule pale."

Mbele yetu, kati ya akina mama wanaogeuza dagaa, mtu mrefu mwenye kofia alikuwa anatembea na fimbo moja. Mguu wa kulia aliutupa kidogo kwa nje kabla ya kuukanyagia. Alisimama kwa muuzaji mmoja, akasema kitu, yule mama akacheka akafunika mdomo kwa kanga, naye akaendelea kwa muuzaji mwingine. Nilivuta pumzi nimwite.

"Usimwite," Mkunga akasema. "Ukimwita atageuka, na kugeuka bado hajaweza vizuri."

Basi tukapunguza mwendo. Tulimfuata kwa nyuma, hatua zetu fupi kama zake, mpaka alipomaliza kununua samaki.